Irudisheni Sauti Yangu

Minjila, 9 Machi 2026

Mdogo wangu Truphena,

Salamu zikufikie hapo Nairobi, wewe na wanao wawili. Sisi tuko, tunasukuma siku. Goti la shemeji yako Ngumbao limeanza tena na hospitali hataki, anasema goti ni lake na yeye ndiye analijua. Mwanangu Kitsao amepata mtoto wa kike, na kama desturi yetu ilivyo amepewa jina la bibi yake, kwa hiyo sasa hapa nyumbani tuko akina Dama wawili. Huyo mdogo ana mdomo, akianza kulia hata majirani wanajua ni saa ngapi. Sijui mdomo huo ameutoa wapi.

Najua unashangaa barua. Umenipigia mara tisa sikushika, na wala sitashika. Kwa yaliyotokea huku siiamini tena sauti ya simu, hata ikiwa yako. Mwandiko wako naujua, maana ni mimi niliyekushika mkono ukaandika herufi ya kwanza. Barua hii anakuletea Mwalimu Enos, anakuja huko mkutanoni. Nawe unijibu kwa kalamu, uipeleke ofisi ya basi, mimi nitaifuata Garsen.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatatu tarehe mbili, saa nne asubuhi, simu za watu huku ziliita kwa ile namba ya mafuriko. Namba hiyo watu huishika mbio kwa sababu mwaka juzi na mwaka jana iliwatoa kwenye maji. Nami nikashika yangu, hapo nilipokuwa napalilia kunde, nikajisikia mimi mwenyewe nikisema: "Mimi ni Dama wa Ngumbao wa Minjila. Malka ya Mikomani imefungwa kuanzia leo. Wakulima, lindeni mashamba yenu. Mheshimiwa wetu ametuhakikishia, na mwakani tusimsahau." Jembe lilinitoka mkononi. Sauti ni yangu, kikohozi changu cha katikati kimo, hata ninavyolivuta jina la Ngumbao. Maneno si yangu.

Wewe umekaa Nairobi miaka mingi, lakini malka hujaisahau. Ni njia ya ng'ombe wa Waorma kushukia mtoni, na ile ya Mikomani inapita katikati ya mashamba yetu. Mwezi huu wa kiangazi kuifunga ni kuua ng'ombe wa watu. Vijana wetu waliposikia Dama amesema, wakakata miiba wakaiziba. Saa nane wafugaji wakafika na mifugo yenye kiu, na wenyewe wamefunga Ramadhani. Ikawa vurugu. Kijana mmoja ameumia.

Sasa Truphena, sauti yangu nilimpa mtu mmoja tu duniani, naye ni wewe. Ni wewe uliyekuja na watu wako wa mradi wa serikali wa Sauti ya Mto, mkanikalisha siku tatu kwenye kile chumba cha Garsen nikisoma maneno mpaka koo likauka, ili kompyuta ijifunze kusema kama mimi na iwaonye watu mafuriko yakija. Mafuriko peke yake, ndivyo ulivyoniambia. Nataka mambo matatu. Nijue nani ameitumia, ifutwe kabisa, na wakubwa wenu waje hapa waseme mbele ya watu kwamba si mimi.

Nakungoja.

Dada yako,
Dama


Nairobi, 30 Machi 2026

Dada mpendwa Dama,

Shikamoo. Pole na goti la shemeji, na hongera nyingi kwa mjukuu. Wanangu hawajambo, wa kwanza ameingia gredi ya kumi na sasa anajiona mzee wa nyumba. Unisamehe kuchelewa. Kazi imekuwa nyingi na sikutaka kukuandikia haraka haraka.

Suala lako ofisi imelipokea kwa uzito. Imebainika kuwa mfumo ulitumika nje ya madhumuni yake, na uchunguzi unaendelea. Kwa sasa siwezi kutaja mtu.

Naomba nikueleze jambo ambalo huenda hulijui. Kuna mswada mbele ya kamati ya Bunge wa kudhibiti serikali inavyotumia akili unde, yaani hizi kompyuta zinazojifunza kusema na kuchora kama binadamu. Utazuia ofisi za serikali kutumia sura au sauti ya mtu bila ridhaa yake, na utafanya sauti na video bandia za siasa kuwa kosa la jinai, kabla uchaguzi wa mwakani haujatufikia. Mimi ni mmoja wa walioufanyia kazi huo mswada miezi kumi na minne. Magazeti yakijua kwamba ofisi iliyouandika ndiyo iliyofanya kosa lenyewe, wapinzani wa mswada wataucheka mpaka ufe. Kwa hiyo nakuomba usizungumze na mwandishi wa habari yeyote.

Nimekuwekea fomu humu. Utie sahihi ukurasa wa mwisho na uirudishe kwa basi. Na usiwe na wasiwasi kuhusu jina lako, kwa sababu wiki hii mfumo utatuma tangazo la kukanusha lile la kwanza. Litakuwa kwa sauti yako ili watu waliamini, na hutahitaji hata kuja Garsen.

Wako,
Truphena


Minjila, 11 Aprili 2026

Truphena,

Salamu ni zile zile. Mvua imeanza, goti bado, mtoto ameanza kucheka. Sasa nisikilize.

Tangazo lenu tumelisikia. Mmenitengeneza mara ya pili ili nimkane yule mliyemtengeneza mara ya kwanza, na mara zote mbili mimi mwenyewe sikuulizwa. Mlifikiri nini, jamani? Juzi nilikwenda dukani kwa Bishara kununua chumvi, akaniuliza kwa utani leo amekuja Dama yupi, wa wakulima au wa serikali. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikatoka nikaenda nyuma ya duka nikalia. Nina miaka hamsini na tisa na nimelia nyuma ya duka kwa sababu ya utani wa chumvi.

Niliwaita wale vijana walioziba malka, nikasimama mbele yao kwa miguu yangu hii, nikawaambia sikusema maneno yale. Mmoja akanijibu kwa adabu kabisa: "Mama, simu imesema mara mbili na haijapatana, na wewe sasa ni wa tatu. Tumwamini nani?"

Na lipo ambalo sikukuandikia. Yule kijana aliyeumia ni Nuh, mtoto wa Kaltuma. Panga lilimpata mkono wa kulia na vidole viwili havikunjiki tena. Kaltuma unamjua. Ndiye mwenzangu wa kutangaza mambo ya mto tangu wakulima na wafugaji walipouana mwaka wa 2012, tukazika watu tukasema basi. Unajua jinsi tunavyofanya, ila nakukumbusha, maana naona Nairobi inasahaulisha. Jambo la mto huku halitangazwi na mdomo mmoja. Tunatembea wawili, mimi wa wakulima na yeye wa wafugaji, boma kwa boma. Mimi naanza kwa Kigiriama, yeye anafuata kwa Kiorma, na kila mmoja anangoja mwenzake amalize ndipo aseme, "Nimesikia." Hapo ndipo linakuwa tangazo. La mdomo mmoja ni porojo, na kila mzee hapa aliposikia ile sauti ikisema peke yake alijua ni porojo. Lakini vijana wamekulia kwenye simu. Mwaka mzima na zaidi mmewazoesha kumsikia Dama akiwa peke yake.

Miaka kumi na tatu mfululizo nimekula Idd nyumbani kwa Kaltuma. Mwaka huu sikuwa na uso wa kwenda.

Fomu yako nimeisoma. Inataka nikubali kwamba serikali haina kosa na kwamba sitadai lolote. Nimeifungia mbegu za mchicha, karatasi yake ni nzito nzuri. Na mimi nina swali. Nilitia sahihi karatasi moja tu, na Mwalimu Enos aliisoma nami neno kwa neno kabla sijaigusa: mafuriko. Ofisi yenu haiwezi kunitoa mafuriko ikanitia kwenye siasa bila karatasi nyingine, maana serikali haipumui bila karatasi. Hiyo nyingine nani alitia sahihi? Kikulacho ki nguoni mwako, Truphena. Nataka jina.

Dama


Nairobi, 4 Mei 2026

Dada,

Shikamoo. Tunasikia redioni mvua huko juu ni kubwa na mto unapanda. Watoto wanawaulizia. Mdogo alikuwa na homa lakini amepoa.

Nimepambana sana kwa ajili yako kuliko unavyojua. Nilimwendea mkurugenzi mara tatu, na tarehe ishirini Aprili sauti yako ilizimwa. Umepata ulichotaka. Ila ni haki ujue kwamba hata maonyo ya mafuriko yamezimwa pamoja nayo, kwa kuwa sauti ni ile ile moja, na kuandaa nyingine kutachukua mwaka. Mwaka jana watu wa vijiji vya chini walihama kwa sababu walikusikia wewe. Mwaka huu hawatamsikia mtu. Lifikirie hilo kabla hujaniandikia tena kwa ukali.

Aliyetuma lile tangazo amehamishwa idara.

Kuhusu karatasi unayoiulizia, hizo ni nyaraka za ofisi na siwezi kuzizungumza kwenye barua.

Kamati ya Bunge itakuja Garsen tarehe kumi na nane Juni kukusanya maoni ya wananchi juu ya mswada. Nitakuwa mezani pamoja nao kama mtaalamu. Nakuomba usije. Na ukija, usininyooshee kidole mbele ya watu. Nina watoto, dada, na hapa mjini sina mwingine wa kunishikia nyumba.

Truphena


Minjila, 22 Mei 2026

Mdogo wangu,

Salamu. Ngumbao sasa anatembea na fimbo na anaipenda kuliko goti. Mtoto wa homa umpe uji wa wimbi, usimpe vile vya pakiti.

Barua yako imenikuta na begi mkononi, nikaisomea ndani ya gari. Nilikuwa nakwenda kwa Kaltuma. Alikuwa amehamia Chewele kwa kaka yake tangu mkono wa Nuh uumie. Nilipanda gari mpaka Bura, kisha pikipiki ya Jarso, matope mpaka magotini.

Kaltuma alinikaribisha kwa maneno matupu. Hakuweka maziwa, na wewe unajua nyumba ya Muorma isiyokuwekea maziwa imekwambia nini. Nuh alitoka akanisalimia kwa mkono wa kushoto, akaniomba radhi kwa huo wa kushoto, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Nilimweleza Kaltuma habari zote za kompyuta, ofisi, mswada na fomu. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Hakuuliza nani alitengeneza ile sauti. Aliuliza neno moja tu: "Walipokuingiza kwenye kile chumba, mimi nilikuwa wapi?"

Hapo ndipo nilipokwama, Truphena, kwa sababu jibu nalijua na miezi yote hii nimelikwepa. Alikuwa hapo hapo Chewele na ng'ombe. Mimi nilitaka kumngoja. Wewe ukaniambia kompyuta haina desturi, mmoja anatosha, na wafadhili wanaondoka Ijumaa. Ningeweza kukataa. Lakini nilivishwa vile vya masikioni, nikaambiwa sauti yangu ni nzuri, nikaona fahari kama msichana. Siku tatu nilitangaza mto peke yangu. Wenye kuiba walikuta mlango nimeufungua mimi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa ulimi siku tatu. Nikamwambia Kaltuma nimekosa, na sikutafuta neno la kuongezea.

Kaltuma akamwambia Nuh alete maziwa.

Asubuhi yake tulikwenda ukingoni. Wafugaji wa juu wana alama zao kwenye miti, na maji yalikuwa yamepita alama ya pili. Kwa hesabu zao maji ya namna hiyo hutufikia Minjila baada ya siku nne. Hii ndiyo maana ya kuwa wawili, nakukumbusha tena. Wao huuona mto kabla yetu, sisi tunajua shamba gani litaanza kuzama. Tukateremka pamoja. Siku mbili tumetembea mpaka vijiji vya chini, Kigiriama na Kiorma, "Nimesikia" kwa "Nimesikia." Wale vijana wa simu walipotuona wawili tumesimama na matope yetu hawakuuliza tuamini nani. Walibeba vitanda. Maji yalipofika yalikuta kuku wawili na mkeka wa Mzee Kuno, na huo mkeka ulikuwa mbovu. Hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo usinitishe kwa maji. Sisemi kompyuta haifai. Ikiona mto unafura ituambie, tena mapema, tutashukuru. Lakini iseme kwa sauti yake yenyewe ya bati, tujue ni kompyuta, na nyuma yake awepo mtu mwenye jina ambaye tunaweza kumfuata nyumbani kwake tukamuuliza. Serikali isiazime koo la mtu. Hayo nitayasema Garsen tarehe kumi na nane, nikiwa na Kaltuma.

Kabla ya siku hiyo niandikie jina. Ukinyamaza, nitaliuliza mbele ya wote.

Dama


Nairobi, 9 Juni 2026

Dada Dama,

Shikamoo. Mtoto anakunywa uji wa wimbi. Siwezi kuongeza salamu nyingine kabla sijasema hili: ni mimi.

Ulipomaliza kutia sahihi ile ya mafuriko, mkurugenzi alileta karatasi mpya. Ukurasa wa nne uliruhusu sauti itumike kwa mawasiliano yoyote ya umma. Mlikuwa kwenye mavuno, simu yako haikuwa hewani, na karatasi zilitakiwa Ijumaa. Palikuwa na mahali pa ndugu wa karibu kuidhinisha kwa niaba yako. Nikatia sahihi yangu. Ningeweza kukungoja siku mbili. Sikukungoja kwa sababu nilijua utakataa.

Sikujua wataipeleka kwenye siasa. Naapa. Lakini nilijua ukurasa ule ulikuwa mpana, mimi ni mwanasheria, kusoma upana wa karatasi ndiyo kazi yangu. Na baadaye ni mkono huu huu ulioandika kifungu cha mswada kinachokataza jambo hilo. Pengine niliandika vizuri kwa sababu nilijua hasa lilivyofanyika.

Sasa nakuomba kama mdogo wako. Njoo, sema yote, aseme na Kaltuma, ila jina langu liache. Wakilisikia, mimi nimekwisha, na mswada wataufanya kuni. Acha upite kwanza. Ukishapita nitasimama nitasema mwenyewe. Kwa ajili ya mama yetu, dada, usinitaje.

Truphena


Minjila, 27 Juni 2026

Truphena,

Sijui kama utaisoma hii. Salamu nakupa, maana kukunyima salamu bado sijafika huko.

Uliondoka kabla kikao hakijaisha, kwa hiyo nakuandikia yote, yale uliyoyaona na yale uliyoyakimbia, ili usije ukaambiwa na wengine kwa namna nyingine.

Ulituona tukiingia ukainamisha uso kwenye makaratasi. Karani alitangaza kila mtu dakika tatu, mmoja mmoja. Mimi na Kaltuma tukasimama pamoja. Akasema mmoja akae. Hatukukaa. Akasema tena kwa ukali, na Kaltuma akamwambia kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba amesimama hapa kabla karani hajazaliwa. Mwenyekiti akacheka, akaturuhusu.

Nilianza na kosa langu. Nilisema nilirekodi mambo ya mto peke yangu, kinyume cha mapatano yetu, na kijana wa mwenzangu amelipa kwa vidole. Kisha nikasema tunachotaka sheria iseme. Kaltuma akasema yote upya kwa Kiorma, akamaliza, nikasema nimesikia.

Ndipo mwenyekiti akaniuliza nani basi aliyetoa ruhusa ya sauti yangu kutumika kwa mambo yote.

Nilikutazama, Truphena. Nilikungoja. Nilikupa nafasi ya kutosha mtu kusimama, kukohoa, kurekebisha nguo na kusema. Ulikuwa unapanga kalamu zako. Nikasema: "Aliyetoa sauti yangu bila kuniuliza ni mdogo wangu wa tumbo moja. Anaitwa Truphena, na amekaa hapo mezani kwenu."

Ukatoka kwa mlango wa nyuma. Mwenyekiti alitaka kuendelea na jambo lingine, lakini Nuh akasimama. Aliinua ule mkono, akauliza chini ya sheria hii mpya, siku kompyuta ya serikali ikisema uongo mtu akakatwa, atakayeshtakiwa ni nani. Karani akajibu ni taasisi. Nuh akauliza kama taasisi ina mkono wa kutiwa pingu. Watu walikataa kutoka. Tulikaa mle mpaka alasiri, wakulima na wafugaji, hakuna aliyekwenda kula, mpaka karani akaandika na kutusomea kwamba kila tangazo la kompyuta litakuwa na mtu mmoja anayetajwa kwa jina na kuwajibika, na kwamba sauti ya mtu ataitoa mwenyewe, hakuna ndugu wa kumtolea. Tulimfanya asome mara mbili.

Uliniomba kwa ajili ya mama. Mama angekutaja kabla yangu, tena kwa jina lako la utotoni. Sikuombi msamaha. Kama ningenyamaza pale, ile sahihi ya ukurasa wa nne ingekuwa na yangu pembeni. Ungekuwa mtu baki ningelala vizuri siku ile. Nimelia, na Ngumbao ni shahidi, amenikuta nalia jikoni akashindwa aniambie nini akaenda kunichotea maji ambayo sikuyahitaji. Nakupenda na nimekutaja, yote mawili ni kweli na sifuti lolote.

Nyumba unaijua njia yake.

Dada yako,
Dama


Nairobi, 31 Agosti 2026

Dada yangu,

Shikamoo. Tuko wazima. Wanangu wamejua yote, nimewaambia mwenyewe. Wa kwanza hakuzungumza nami siku nne, na siku ya tano akaniuliza kama shangazi wa Minjila anaweza kumfundisha kutembea na kutangaza. Nimesema "shangazi" kama anavyokuita yeye, ingawa kwake wewe ni mama mkubwa. Amekataa kusahihishwa.

Nilisimamishwa kazi tarehe ishirini Julai. Nilikukasirikia, nisikudanganye. Nilikuandikia barua tatu nikazichana, na ya pili ilikuwa na maneno ambayo ungekuja Nairobi kunichapa.

Siku hiyo waliponitoa ofisini walichukua kompyuta, kadi na funguo. Mkoba wangu hawakuufungua. Ndani yake mlikuwa na nakala ya mwisho ya mswada, ile itakayopigiwa kura tarehe kumi na sita Septemba. Nimekaa nayo wiki sita nikiwa na hasira nawe, na hiyo ndiyo sababu ya kimya changu, na kati ya yote niliyokufanyia hili nalionea aibu zaidi. Kifungu chenu cha Garsen kimo, neno kwa neno, mtu mwenye jina na yote. Chini yake wameongeza kwa kalamu mstari ambao haukuwahi kusomwa kwenye kikao chochote. Unasema hayo yote hayatahusu ofisi ya serikali "itakapoona inafaa kwa utulivu wa umma."

Utulivu wa umma, dada. Lile tangazo la malka nalo waliliandika kwenye daftari lao kuwa la utulivu wa umma. Nililiona kwa macho yangu. Na mwandiko ulioongeza mstari huu naujua, ni wa mkurugenzi aliyeniletea ukurasa wa nne, Ijumaa ile, akanipa na kalamu yake.

Mstari huu ukipita, mwakani kabla ya uchaguzi watakuwa na koo la kila mtu waliyewahi kumrekodi, na sheria itakuwa upande wao. Nimeapa kutunza siri za ofisi. Kukutumia karatasi hii ni zaidi ya kufukuzwa kazi, na mimi ndiye ninayejua vizuri ni miaka mingapi ya jela. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Wapitishieni watu wa Minjila na Garsen, pandeni nayo mpaka Bura na Chewele, wewe na Kaltuma, isomwe redioni, isomwe misikitini na makanisani, wabunge wetu waulizwe kabla ya tarehe kumi na sita kila wanapokanyaga.

Watakuuliza umeipata wapi. Usinifiche. Taja jina langu.

Mdogo wako,
Truphena